Nyumba ya Umma Huuzwa Lini?

Pita katika mitaa ya Ilala, Temeke au Kinondoni na utaona, kwenye kuta za nyumba kadha wa kadha, maandishi makubwa ya rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni huenda akashangaa ni nani aliyeuliza. Mwenyeji hashangai. Maandishi hayo huwekwa na familia inayohofia kwamba mmoja wao, aliyeshika hati au aliyeshikwa na tamaa, atakaa na dalali pembeni na kuuza paa la wote. Ni tangazo lisilo na mhuri wa mahakama, lakini limebeba kanuni nzito ya kisheria na ya kimaadili: nyumba hii ina wenyewe wengi, na hakuna hata mmoja mwenye haki ya kuamua peke yake.

Makala haya yanahusu nyumba ambazo kuta zake hazikuandikwa hivyo. Mwaka 2002, Serikali ya awamu ya tatu iliamua kuuza nyumba zake kwa watumishi wake. Kazi hiyo ilisimamiwa na Wizara ya Ujenzi kupitia Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, chombo kilichoanzishwa mwaka huo huo. Maelfu ya nyumba, Dar es Salaam na mikoani, zilitoka katika mikono ya umma na kuingia katika mikono ya watu binafsi, kwa bei nafuu na kwa malipo ya awamu. Tangu hapo suala hilo limerudi bungeni mara nyingi, limeibuka katika kampeni za uchaguzi, kisha likazama tena bila kupatiwa jibu la msingi.

Sidai kwamba nyumba ya umma haiuzwi kamwe. Ninachodai ni kwamba ina wakati wake wa kuuzwa na utaratibu wake wa kuuzwa, na kwamba uamuzi wa 2002 ulikosea vyote viwili. Wala siandiki ili kufukua makaburi. Naandika kwa sababu Serikali inajenga upya, Dodoma na kwingineko, nyumba za kuchukua nafasi ya zile zilizoondoka, na hakuna kanuni yoyote iliyo wazi mbele ya wananchi itakayozuia kizazi kijacho cha viongozi kuziuza hizi nazo.

Mwenye busara huuzaje?

Tuanze na mtu wa kawaida, kwa sababu katika jambo hili mtu wa kawaida ana hekima kuliko dola. Mtu huuza mazao kila msimu. Huuza mbuzi ada ya shule inapokaribia. Huweza kuuza hata pikipiki anayoitafutia riziki. Lakini ikifika kwenye nyumba husita, huitisha kikao, na kikao hicho, kama kimekaa sawasawa, huuliza maswali matatu.

Swali la kwanza ni: nani anauza? Jina lililo kwenye hati halitoshi. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Mtunga sheria alielewa kwamba nyumba si tofali na bati pekee, bali ni makazi, na kwamba anayeishi humo ana haki ambayo karatasi haiwezi kuifuta. Kwa nyumba ya urithi mambo ni mazito zaidi: msimamizi wa mirathi hana umiliki wa mali ile, ana dhamana tu, na akijiuzia mwenyewe kwa bei ya kujipangia, warithi watamfikisha mahakamani, nayo mahakama haitamwonea haya.

Swali la pili ni: kwa nini tunauza? Kuna haja na kuna hamu. Ugonjwa unaodai matibabu ya gharama ni haja. Kuhama mji moja kwa moja ni haja. Deni lililofikia kutaifisha kila kitu ni haja. Paa kuvuja si haja ya kuuza, ni haja ya kumwita fundi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema usipoziba ufa utamwita dalali.

Swali la tatu, ambalo ndilo pambanuzi, ni: nini kitachukua nafasi yake? Sote tunazifahamu familia zilizouza nyumba ya marehemu baba yao Kariakoo, zikagawana fedha, na baada ya miaka michache kila mmoja akawa mpangaji kwenye nyumba ya mtu mwingine. Fedha ilikuwa nyingi siku ya kugawana, lakini ilikuwa fedha ya kula. Familia nyingine iliuza nyumba ile ile, katika mtaa ule ule, ikanunua viwanja viwili pembezoni mwa mji, ikajenga, ikabaki na mahali pa kuzikana na kuozana. Zote mbili ziliuza. Tofauti iko katika kile kilichofuata.

Waislamu wa pwani yetu wana taasisi inayoeleza jambo hili kwa ukali zaidi, nayo ni wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Na wale miongoni mwa wanazuoni walioruhusu ibadilishwe kwa dharura waliweka sharti kwamba kinacholetwa badala yake kiendeleze manufaa yale yale kwa walengwa wale wale. Msimamizi wa wakfu ni mlinzi tu. Nakiri kwamba dola si msikiti. Hata hivyo sheria yetu ya ardhi ya 1999 imejengwa juu ya wazo linalofanana na hilo: ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Neno mdhamini halikuwekwa pale kwa ajili ya kupamba sentensi.

Kutoka 1967 hadi 2002

Uamuzi wa 2002 hauwezi kueleweka bila kuutazama katika mstari wa historia. Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko ya uongozi, na mmojawapo wa miiko hiyo ulikuwa kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971, kwa Sheria ya Kutwaa Majengo, Serikali ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Wengi waliopoteza majengo hayo walikuwa raia na wakazi wenye asili ya Asia, na hatua hiyo iliacha majeraha ambayo haifai kuyapuuza. Mwaka 1990 majengo ya Msajili yaliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Mwaka uliofuata, 1991, chama tawala kilikaa Zanzibar na kulegeza miiko ya uongozi. Kiongozi akaruhusiwa kupangisha. Na mwaka 2002 nyumba za Serikali zikauzwa kwa watumishi wa Serikali.

Ukiyasoma matukio haya kwa pamoja, utaona safari ya miaka 35. Tulianza kwa kumkataza kiongozi asiwe mwenye nyumba, tukaendelea kwa kuwanyang'anya wenye nyumba kwa jina la umma, tukamaliza kwa kumuuzia mtumishi nyumba ya umma. Kama Azimio lilikuwa kali mno, na wapo wanaoamini hivyo kwa sababu zenye uzito, basi dawa yake ilikuwa kumruhusu mtumishi ajenge kwa mshahara na mkopo wake. Haikuwa kumkabidhi kile ambacho taifa lilikuwa limekijenga, na kabla ya taifa, kile ambacho kodi ya kichwa ya babu zetu ilikilipia wakati wa mkoloni.

Kwa maana nyumba nyingi kati ya hizo zina umri wa kutosha kuwa na historia. Maeneo yaliyoitwa Uzunguni, Oysterbay ya Dar es Salaam, Gangilonga ya Iringa, Capri Point ya Mwanza, yalipangwa na utawala wa kikoloni kwa ajili ya maofisa wake: viwanja vipana, miti mikubwa, upepo wa bahari, wa ziwa au wa mlimani. Uhuru ulipokuja, nyumba hizo hazikubomolewa wala hazikugawiwa. Zilibaki kuwa vitendea kazi. Ofisa aliyehamishiwa mkoani alikabidhiwa ufunguo, akaishi, akahamishwa, akaurudisha ufunguo kwa anayekuja. Nyumba ilikuwa ya cheo, haikuwa ya mtu. Ilikuwa na hadhi ile ile ya gari la wagonjwa au meza ya hakimu: anayeitumia hubadilika, kazi inabaki.

Hoja za waliouza

Haki inadai tuzisikilize hoja za upande wa pili, tena katika sura yake yenye nguvu.

Hoja ya kwanza ilikuwa gharama. Nyumba zilichakaa, Serikali haikuwa na fedha za matengenezo, na jengo lisilotunzwa linapoteza thamani kila mwaka. Hoja hii ina ukweli ndani yake, ila inathibitisha jambo jingine kabisa. Inathibitisha kwamba Serikali ilikuwa mwenye nyumba mzembe. Tena kilichokuwa na thamani kubwa Oysterbay hakikuwa paa wala milango, kilikuwa ardhi. Bati linachakaa, lakini kiwanja kilicho umbali mfupi kutoka baharini katika mji unaokua kwa kasi hakichakai. Kuuza kiwanja kwa sababu ya bati ni kama kuuza shamba kwa sababu jembe limevunjika mpini.

Hoja ya pili ilikuwa huruma kwa mtumishi. Mtu ametumikia taifa miaka 30, anastaafu, anatolewa kwenye nyumba ya Serikali akiwa na mafao yasiyotosha kujenga hata vyumba viwili. Hili ni tatizo la kweli, na yeyote aliyemwona ofisa mstaafu akihangaika anajua si la kubeza. Lakini tujiulize huruma hiyo ilimfikia nani. Waliouziwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, wale waliokuwa tayari wanakaa katika nyumba za Serikali. Mwalimu wa shule ya msingi Namtumbo aliyepanga chumba cha udongo kwa fedha yake mwenyewe hakuwa na nyumba ya kuuziwa. Muuguzi wa zahanati ya Mpwapwa aliyelala kwenye stoo ya dawa hakuwa na nyumba ya kuuziwa. Sera iliyowapa zaidi wale waliokuwa wamepewa tayari, na kuwaruka wale ambao hawakuwahi kupewa, haiwezi kuitwa huruma kwa watumishi. Ilikuwa bahati nasibu ambayo tiketi yake ilikuwa ni kuwa na ufunguo mfukoni siku uamuzi ulipopita.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba mapato yangetumika kujenga nyumba mpya. Ni kweli kwamba TBA imejenga nyumba nyingine tangu wakati huo. Hata hivyo hesabu haihitaji shahada ya uchumi. Ukiuza nyumba iliyo kwenye kiwanja cha thamani kubwa kwa bei ya chini ya soko, tena ulipwe kidogo kidogo kwa miaka, huwezi kwa fedha hizo kununua kiwanja cha namna ile na kujenga nyumba ya namna ile. Utajenga mbali zaidi, ndogo zaidi na chache zaidi. Badala haikuwa sawa na kilichotolewa, na hapo sharti la tatu la mwuzaji mwenye busara linavunjika.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini: kwamba waliouziwa walifuata taratibu, hawakuiba. Nakubali. Watumishi wengi walionunua walikuwa watu waadilifu walioambiwa na mwajiri wao kwamba nyumba inauzwa kwa masharti haya, wakajaza fomu, wakakatwa mshahara. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kanuni iliyoruhusu wauzaji na wanunuzi watoke katika tabaka moja. Waliokuwa wakikaa katika nyumba hizo ni viongozi na maofisa wale wale ambao miongoni mwao uamuzi ulipikwa, ukaidhinishwa na kutekelezwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ilikuwa imeshatungwa tangu 1995, na mgongano wa maslahi ulikuwa msamiati unaojulikana. Msimamizi wa mirathi haruhusiwi kujiuzia mali ya yatima. Vipi msimamizi wa mali ya taifa aruhusiwe?

Wakati uliokuwa sahihi

Sasa tufike kwenye kiini, yaani wakati. Kuna wanaosema kwamba nyumba zile zingepaswa kuuzwa hata hivyo, kwa sababu Serikali ilikuwa inahamia Dodoma. Nawashukuru kwa hoja hii, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ukubwa wa kosa.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973. Mwaka 2002 uamuzi huo ulikuwa na umri wa miaka 29 na haukuwa umefutwa. Kwa hiyo Serikali iliyokuwa inauza ilijua, au ilipaswa kujua, kwamba iko siku itawahamisha mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi na maelfu ya watumishi wa chini yao, na kwamba siku hiyo itahitaji mtaji mkubwa wa nyumba katika mji mwingine. Siku hiyo ilianza mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma kwa vitendo. Historia ina kejeli zake: ndiye aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati nyumba zilipouzwa.

Fikiria basi kama nyumba zile zingekuwa bado mikononi mwa umma mwaka 2016. Kwa mara ya kwanza kungekuwa na haja ya kweli ya kuuza: mwenye nyumba anahama mji. Bei ya ardhi ya Oysterbay, Masaki na Upanga ilikuwa imepanda mara nyingi kuliko ilivyokuwa miaka 14 kabla. Serikali ingeweza kutangaza mnada wa wazi, kiwanja kwa kiwanja, au ingeweza kubaki na ardhi na kukodisha kwa miaka mingi kwa wawekezaji wanaojenga maghorofa. Fedha yake ingekwenda moja kwa moja Dodoma kujenga nyumba za watumishi waliokuwa wanaambiwa wafungashe. Badala yake Serikali ilihama ikiwa kama yule mrithi aliyeuza mapema: mkono mtupu, ikijenga kwa kodi mpya za wananchi kile ambacho ingekilipia kwa mali yake ya zamani.

Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walituasa. Sisi tuliacha mbachao, na msala wenyewe tukalazimika kuununua upya.

Hapa ndipo penye somo la jumla kuhusu wakati wa kuuza nyumba. Mwuzaji aliyebanwa huuza kwa bei ya mnunuzi. Mwuzaji aliyetulia huuza kwa bei yake. Lakini mwuzaji ambaye ndiye mnunuzi hana sababu yoyote ya kusubiri bei ipande; ana kila sababu ya kuharakisha kabla haijapanda. Ndiyo maana suala la nani anaamua na suala la lini kuuza haviwezi kutenganishwa. Wakati ulikosewa kwa sababu mwamuzi alikosewa.

Wenzetu walifanyaje?

Tusijidanganye kwamba jambo hili ni la kwetu peke yetu. Nchini Kenya, Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kukabidhi taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi na nyumba za Serikali zilivyogeuzwa kuwa zawadi za kisiasa. Tofauti ni kwamba wao walipata taarifa yenye orodha, na mwananchi anaweza kuisoma, hata kama utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua.

Uingereza, chini ya Margaret Thatcher, ilipitisha Sheria ya Nyumba ya 1980 iliyowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokuwa wakiishi, kwa punguzo lililoanzia asilimia 33 na kufikia asilimia 50. Sera hiyo ilikuwa bora kuliko yetu kwa jambo moja: waliouziwa walikuwa wapangaji wa tabaka la wafanyakazi, hawakuwa maofisa wa juu. Lakini ilikosea jambo lile lile la badala. Halmashauri zilibanwa zisitumie kwa uhuru fedha za mauzo kujenga nyumba nyingine. Leo nyumba nyingi zilizouzwa zimeishia mikononi mwa wenye nyumba binafsi, na baadhi ya halmashauri zinawalipia pango wakazi wasio na makazi ndani ya nyumba ambazo zamani zilikuwa zao. Scotland ilifuta haki hiyo mwaka 2016, na Wales ikafuata mwaka 2019.

Singapore ilipita njia tofauti. Bodi yake ya nyumba iliundwa mwaka 1960, na tangu 1964 imekuwa ikiwauzia wananchi nyumba ilizozijenga. Leo takribani wanane kati ya kila wakazi kumi wanaishi katika nyumba za bodi hiyo. Kwa hiyo kuuza si dhambi. Lakini tazama masharti: kinachouzwa ni haki ya miaka 99, ardhi inarudi kwa dola, na kila kinachouzwa kimetanguliwa na kingine kinachojengwa. Dola pale huuza kama mkulima anavyouza mahindi akiwa na mbegu ghalani. Sisi tuliuza mbegu.

Hata hapa nyumbani tuna mfano wa kufikiria. Kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa katika nyumba zao, nyumba zikabomolewa, na wakazi wakahangaika kwa karibu miaka 10 kabla ya maghorofa mapya kujengwa na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022. Linganisha. Ofisa wa Oysterbay aliuziwa nyumba akiwa ameketi ndani yake. Mkazi wa Magomeni Kota alisubiri muongo mzima, akipanga huku na huko, ili apate fleti moja. Umaskini una foleni ndefu.

Nini kifanyike?

Mwanazuoni anayelalamika bila kupendekeza ni mzigo kwa jamii yake. Napendekeza mambo matano, na nayaweka wazi ili yajadiliwe na kupingwa.

Kwanza, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Iwepo orodha ya wazi ya kila nyumba ya umma, iwe ya Serikali Kuu, halmashauri, shirika au wakala: iko wapi, imejengwa lini, anakaa nani kwa cheo gani, pango lake ni kiasi gani. Orodha hiyo iwe pia na nyumba zilizouzwa tangu 2002, bei zake na masharti yaliyoambatana nazo. Watumishi waliouziwa kihalali hawana sababu ya kuiogopa.

Pili, ridhaa. Kama mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, Baraza la Mawaziri lisiweze kuuza nyumba za taifa bila ridhaa ya Bunge, itolewe kwa azimio, baada ya mjadala wa wazi na tathmini huru ya thamani. Kwa nyumba za halmashauri, ridhaa hiyo itoke kwenye Baraza la Madiwani mbele ya wananchi.

Tatu, mwamuzi asiwe mnunuzi. Yeyote aliyeshiriki kupendekeza, kuidhinisha au kutekeleza mauzo, pamoja na mwenzi wake wa ndoa na kampuni zake, azuiwe kununua. Sheria zetu za ununuzi wa umma zinatambua kwamba mali ya umma inayoondoshwa inapaswa kupitia ushindani. Nyumba isiwe na mlango wa uani.

Nne, badala kabla ya mauzo. Nyumba mpya isimame, ikaguliwe, ikabidhiwe, ndipo ya zamani itangazwe. Na fedha ya mauzo iwekwe katika akaunti maalumu inayokaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, isiyoweza kutumika kulipia semina, magari wala posho.

Tano, ziwepo nyumba zisizouzwa kwa hali yoyote: makazi ya daktari ndani ya eneo la hospitali, ya mwalimu ndani ya eneo la shule, ya hakimu, ya mkuu wa wilaya. Nyumba ya daktari ilijengwa karibu na wodi ili muuguzi wa zamu aweze kugonga dirisha saa nane za usiku na daktari afike kabla mama hajapoteza damu yote. Siku nyumba hiyo itakapokuwa mali ya mtu, dirisha litagongwa na atakayetoka ni mpangaji wa duka.

Watumishi wa umma mnaosoma haya, najua baadhi yenu mnakaa katika nyumba za Serikali hivi sasa, na najua pango la mjini lilivyo. Madai yenu ya makazi bora ni halali. Yadaini kama mikopo ya riba nafuu, kama viwanja vilivyopimwa, kama posho inayolingana na hali halisi, na yadaini kwa ajili ya mwalimu wa Namtumbo kwa nguvu ile ile mnayoyadai kwa ajili yenu. Msiyadai kwa kuombea nyumba mnayokalia iuzwe. Yupo atakayehamishiwa kituo hicho baada yenu, na pengine ni mwanafunzi wangu aliyeketi leo mstari wa nyuma darasani, akisubiri ajira.

Nanyi wanafunzi, mtakuja kuwa makamishna, makatibu wakuu na mawaziri. Iko siku mezani kwenu litawekwa jalada lenye kichwa cha habari kizuri kuhusu ubinafsishaji wa makazi ya Serikali, na ndani yake kutakuwa na anwani ya nyumba mnayolala. Siku hiyo hapatakuwa na mhadhiri wa kuwauliza swali. Jiulizeni wenyewe yale matatu: nani anauza, kwa nini, na nini kitachukua nafasi yake. Jibu la la kwanza likiwa ni jina lako, lifunge jalada na ulirudishe lilikotoka.